Kunakili na Kumiliki: Fasihi ya Mombasa, Hakimiliki na Rafu ya Akiba ya Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Katika maktaba ya chuo kikuu ipo sehemu ambayo wahakiki wa fasihi huipitia kila muhula bila kuifikiria sana. Ni ile rafu iliyo nyuma ya meza ya mkutubi, ambamo huwekwa vitabu vilivyoombwa na wahadhiri kwa ajili ya kozi zao. Vitabu hivyo haviazimwi kwa wiki. Husomwa humo humo maktabani, au huazimwa kwa saa chache tu, ili nakala moja au mbili ziwatosheleze wanafunzi wengi. Makala haya yanaiita sehemu hiyo rafu ya akiba. Nakala zinapokuwa haba, aghalabu panapotokea kitabu kilichokwisha madukani, rafu hiyo huanza kubeba fotokopi: sura ya kitabu, mashairi kadhaa ya diwani, na pengine diwani nzima.

Hapo ndipo linapozuka suala la kisheria. Je, fotokopi hizo ni halali? Aghalabu suala hili hujadiliwa kana kwamba ni la wakutubi na mawakili peke yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la historia ya fasihi pia, na kwamba kwa upande wa fasihi ya Kiswahili ya Mombasa haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua jinsi matini zenyewe zilivyotungwa, zilivyonakiliwa, zilivyosafirishwa na zilivyohaririwa. Hoja kuu ni kwamba kitabu kimoja cha mashairi ya Mombasa hubeba tabaka kadhaa za haki: haki ya mtunzi, haki ya mhariri au mfasiri, na umiliki wa mswada wenyewe kama kitu. Idara inayozichanganya tabaka hizi hufanya makosa mawili kwa mpigo. Huwanyima wanafunzi matini ambazo hakuna anayezimiliki tena, na papo hapo huwanyima malenga walio hai, au warithi wao, haki wanayostahili.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa ng'ambo za Mombasa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Tudor, kisiwani. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati mwaka huo huo, kiko Kilifi. Mwanafunzi anayekaa Likoni huvuka kwa feri. Wa Changamwe hupita Makupa. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali aendapo kisiwani, au hushika njia ya Mtwapa aendapo Kilifi. Kitabu kilichoazimwa kwa saa mbili hakivuki feri kikarudi kwa wakati. Kwa mwanafunzi kama huyo, kunakili ndiyo njia ya kusoma, wala si njia ya kukwepa kununua.

2.0 Kunakili kabla ya hakimiliki

Fasihi andishi ya Kiswahili ilikuwa na umri mkubwa kabla ya kukutana na mashine ya chapa. Utendi wa Tambuka, wenye zaidi ya beti elfu moja, una tarehe ya mwaka 1728. Kwa muda wa karne nyingi matini kama hizo ziliishi kwa njia mbili: katika kumbukumbu za waliozighani, na katika nakala za mkono kwa hati za Kiarabu. Bila kunakiliwa, utenzi hufa. Karatasi huliwa na mchwa, unyevu wa pwani huifuta wino, na nyumba huungua. Kila nakala iliyotufikia ni ushahidi wa mtu aliyekaa kitako akaandika upya alichokikuta kwa mwenzake.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba jamii hiyo haikuwa na dhana ya haki ya mtunzi. Kaida ya utenzi inathibitisha kinyume. Katika beti za mwisho mtunzi aghalabu hujitaja jina, hutaja ukoo na mji wake, hutaja tarehe ya kumaliza kazi, na humwomba msomaji amwombee dua. Mara nyingi humruhusu mjuzi kurekebisha penye kasoro. Haki iliyohifadhiwa hapo ni haki ya kutajwa. Anayenakili anatakiwa asimfute mtunzi. Anapofanya hivyo kwa uaminifu, kunakili kwake ni wema na huenda kukawa na thawabu.

Sambamba na kaida hiyo ilikuwako taasisi ya ijaza katika elimu ya dini. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya shehe wake, na alipokihitimu alipewa idhini ya kukifundisha na kukipokeza kwa wengine. Ijaza nayo ni ruhusa, lakini msingi wake ni usahihi wa mapokezi. Swali linaloulizwa ni nani amekisoma kitabu vya kutosha hata aaminiwe kukipitisha kwa mwingine. Swali la nani atalipwa kwa kila nakala halimo.

Malipo yalikuwako, lakini yalikuwa ya kazi ya mkono. Mfano maarufu ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu (takriban 1855–1945), mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, tenzi nyingi. Alilipwa kama fundi anavyolipwa. Hakuna aliyedhani kwamba kwa malipo hayo alikuwa akiuza tenzi zenyewe, kwa kuwa nyingi hazikuwa zake; wala hakuna aliyedhani kwamba aliyenunua nakala alikuwa amenunua haki ya kuwazuia wengine wasinakili.

3.0 Miswada inavuka bahari

Mabadiliko yaliletwa na wamisionari na wasomi wa karne ya 19. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akafanya kazi Rabai, alipeleka Ujerumani miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa Halle, ukiwamo wa Utendi wa Tambuka. Mwaka 1875 chama cha kimisheni cha CMS kilianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Freretown, ng'ambo ya Kisauni, mahali ambapo kengele yake imeacha jina la Kengeleni hadi leo. Freretown ikawa kituo kikuu cha chama hicho pwani, na ndipo mwaka 1903 palipoanzishwa chuo cha theolojia kilichohamia Limuru mwaka 1930 na ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kwa hiyo elimu ya juu katika ng'ambo ya Kisauni si jambo la jana.

Miongoni mwa wamisionari wa chama hicho alikuwa William Ernest Taylor (1856–1927), aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880 na aliyekijua Kimvita kuliko Wazungu wengi wa zama zake. Kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840. Nusu karne ilikuwa imepita tangu kifo cha Muyaka, na mashairi yake yalikuwa yangali yakikumbukwa na wenyeji. Sikujua ndiye aliyeyatafuta, akayaandika na kuyafafanua. Taylor aliyahifadhi pamoja na maelezo yake.

Karatasi za Taylor hatimaye zilifika London, katika maktaba ya chuo kinachojulikana leo kama SOAS. Hichens alizitumia kutayarisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940 na matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Miaka 39 baadaye, Mohamed H. Abdulaziz alichapisha Nairobi utafiti wake mkubwa juu ya Muyaka, pamoja na tafsiri za Kiingereza na maelezo ya kihistoria (1979). Hivyo mashairi yaliyotungwa Mombasa, yakakaririwa Mombasa na kuandikwa na mwalimu wa Mombasa, yalipitia London na Johannesburg kabla ya kurejea Kenya katika sura ya kitabu.

Safari hiyo inaeleza kwa nini watu wengi hudhani kwamba Muyaka ana mwenyewe ambaye ni lazima aombwe ruhusa. Mtu anayetaka kuuona mswada huenda London, au hutazama picha zake pale zilipowekwa kwenye intaneti. Anayetaka kitabu huona jina la mchapishaji na onyo kwamba haki zote zimehifadhiwa. Kwa mazoea, mlinzi wa mlango huchukuliwa kuwa mwenye nyumba.

4.0 Sheria na maneno yake

Yafaa kuanza na istilahi. Neno la Kiingereza kwa dhana hii linataja tendo: haki ya kunakili. Neno la Kiswahili, hakimiliki, linataja uhusiano wa mtu na mali: haki ya kumiliki. Tofauti hii haibadilishi sheria, lakini huathiri fikra. Anayesikia hakimiliki hufikiria kitu chenye mwenyewe milele, kama shamba la mnazi. Ilhali hakimiliki ni haki yenye mipaka miwili: mpaka wa muda na mpaka wa matumizi.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ndiyo iliyoenezwa katika himaya yake, Afrika Mashariki ikiwamo. Kenya huru ilitunga Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na ikatunga sheria mpya mwaka 2001, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Katika miaka hiyo nchi changa zilidai waziwazi kwamba mikataba ya kimataifa iliwafaa zaidi wauzaji wa vitabu kuliko wanaovihitaji. Madai hayo yalisikika katika mkutano wa Stockholm mwaka 1967 na wa Paris mwaka 1971, ambao ulizipa nchi zinazoendelea taratibu maalumu za kutafsiri na kuchapa upya vitabu kwa ajili ya elimu. Taratibu hizo zilikuwa na masharti mengi, nazo hazikuleta mabadiliko yaliyotarajiwa.

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Huo ndio mpaka wa muda. Kuhusu mpaka wa matumizi, sheria haimpi mwenye haki mamlaka juu ya matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki au kuripoti habari, mradi mtunzi atajwe. Inaruhusu pia kutia katika mkusanyo uliokusudiwa shule au chuo kikuu vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja, kwa sharti hilo hilo la kutaja jina la kazi na la mtunzi. Aidha inaruhusu maktaba za umma na taasisi za kisayansi zilizoainishwa kwa kanuni kunakili kwa manufaa ya umma, ikiwa hapatikani mapato yoyote.

Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, sharti la kumtaja mtunzi linakutana na kaida ya zamani ya utenzi; hapa sheria ya kigeni na jadi ya pwani zinasema jambo moja. Pili, sheria haikutaja rafu ya akiba kwa jina lake. Mwanafunzi anayenakili shairi moja kwa masomo yake ana kinga iliyo wazi. Mhadhiri anayewanakilia wanafunzi sitini, na mkutubi anayeiweka nakala hiyo rafuni mwaka baada ya mwaka, hawana uhakika huo. Wanasimama katikati ya vifungu vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kilichowakusudia moja kwa moja.

5.0 Kitabu kimoja, haki nyingi

Kanuni ya miaka 50 ikitumiwa juu ya vitabu halisi vya kozi, hali hubadilika sana.

Muyaka alifariki takriban mwaka 1840. Hakimiliki ya mashairi yake haipo. Taylor alifariki mwaka 1927 na Hichens mwaka 1944. Nchini Kenya hata utangulizi na maelezo ya Hichens yalitoka katika ulinzi mwishoni mwa mwaka 1994. Diwani ya mwaka 1940 inaweza basi kunakiliwa yote na kuwekwa katika rafu ya akiba bila ruhusa ya mtu yeyote. Utafiti wa Abdulaziz una hali tofauti: tafsiri, uchambuzi na maelezo ni kazi yake na yanalindwa, matini za Muyaka zilizomo humo si kazi yake. Kuumiliki mswada nako ni jambo jingine. Maktaba yenye mswada ina haki juu ya karatasi na inaweza kuweka masharti kwa anayeingia kuisoma, lakini kumiliki karatasi si kumiliki shairi.

Mfano wa pili ni Uwongozi, makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) zilizotoka katika gazeti lake la Al-Islah, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1932. Kwa sheria ya Kenya haki ya makala hizo ilikwisha mwishoni mwa mwaka 1997. Lakini mwaka 2017 shirika la Brill la Leiden lilichapisha teuzi za makala hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tafsiri hiyo ni kazi mpya yenye haki mpya. Mwanafunzi wa Kisauni anaweza kunakili Kiswahili cha shehe atakavyo. Akitaka Kiingereza chake, suala ni jingine. Idara inayowasomesha wanafunzi wa Kiswahili kwa kutegemea tafsiri imejitafutia mzigo ambao matini ya asili haina.

Mfano wa tatu una mafunzo mengi zaidi. Malenga wa Mvita ni diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1971. Chiraghdin alifariki mwaka 1976. Haki ya aliyoyaandika humo inakwisha mwishoni mwa mwaka 2026. Ahmad Nassir alifariki mwaka 2019. Haki ya mashairi yake inaendelea hadi mwishoni mwa mwaka 2069. Ndani ya jalada moja zimo kalenda mbili zinazopishana kwa miaka 43. Mkutubi hawezi kuliona hilo katika katalogi. Mwanahistoria wa fasihi analiona mara moja.

Upo pia mfano wa Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa, na aliyekuwa chemchemi ya maarifa kwa watafiti wa mataifa mengi. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo ulichapishwa Leiden mwaka 1979 kwa uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Haki ya utenzi ni ya mtunzi, na inadumu hadi mwishoni mwa mwaka 2067. Sheria inataka kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa ndipo ilindwe, lakini haisemi kwamba aliyeandika au kurekodi ndiye mtunzi. Kwa upande mwingine, kitabu kilichotolewa Leiden si kitabu ambacho mwanafunzi wa Likoni atakikuta dukani. Matini inayohusu jahazi la pwani yake ni ya kigeni kwake kwa sababu ya mahali ilipochapwa.

6.0 Atlanta na Delhi

Nchi nyingine zimeyafikisha masuala haya mahakamani, na hukumu zake, ingawa hazizifungi mahakama za Kenya, zinasaidia kuuona mzozo wenyewe kwa uwazi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inataja makusudio kama mifano tu. Inaitaka mahakama ipime mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Mwaka 2008 wachapishaji watatu, Cambridge University Press, Oxford University Press na Sage, walikishtaki Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kwa sababu ya rafu yake ya akiba ya kielektroniki. Mwaka 2012 mahakama iliona kosa katika nakala tano tu, na ikaweka kipimo cha asilimia 10 ya kitabu, au sura moja ikiwa kitabu kina sura kumi au zaidi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ilikikataa kipimo hicho. Ikasema kila nakala ipimwe peke yake. Kesi iliendelea hadi mwaka 2020, na chuo kilishinda kwa sehemu kubwa.

Huko India, mwaka 2012 Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walikishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na duka la fotokopi lililokuwa chuoni. Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia Septemba 2016. Desemba mwaka huo majaji wa rufani walieleza kwamba sheria ya India inaruhusu kunakili katika kufundisha, na kwamba kipimo ni kama nakala inahitajika kwa kusudi hilo, bila kuhesabu kurasa. Wachapishaji waliiondoa kesi yao mwaka 2017.

Tofauti ya kesi hizi mbili ni tofauti ya maswali. Atlanta waliuliza: kiasi gani? Delhi waliuliza: kwa kazi gani? Sheria ya Kenya inayauliza maswali yote mawili, kila moja katika kifungu chake. Kifungu cha mkusanyo kinahesabu vifungu vifupi. Kifungu cha matumizi ya haki kinataja makusudio.

7.0 Kipimo cha shairi

Hapo ndipo uhakiki wa fasihi unapohitajika ndani ya sheria. Kifungu kifupi ni nini katika diwani? Katika riwaya jibu si gumu. Katika utenzi wenye beti elfu moja vilevile si gumu: beti ishirini ni kipande. Lakini shairi la bahari ya Muyaka au la Ahmad Nassir laweza kuwa na beti tano, na pengine ubeti mmoja tu. Ikiwa kazi ni diwani, shairi moja zima ni kifungu kifupi, na linaruhusiwa. Ikiwa kazi ni shairi, kulinakili lote ni kuichukua kazi yote.

Wala haiwezekani kumshauri mhadhiri anakili nusu ya shairi. Vina vya kati na vya mwisho, mizani na kibwagizo hufanya kazi pamoja. Fumbo linalofungwa ubeti wa kwanza hufunguliwa wa mwisho. Mhakiki anayefundisha nusu ya shairi hafundishi shairi hilo. Kwa hiyo katika ushairi kusudi la uhakiki, ambalo sheria inalitambua, linadai matini nzima, na kipimo cha kiasi hakina budi kufuata kusudi. Idara za Kiswahili ndizo zenye mamlaka ya kitaaluma ya kuieleza hoja hii mbele ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na mbele ya wanaotunga kanuni. Zikinyamaza, kipimo kitawekwa na watu wanaofikiria sura za vitabu vya uchumi.

Upande wa pili wa mizani hauna budi kutazamwa pia. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Adhabu hiyo ilitokana na waraka wake wa Kenya: Twendapi?, ambao ulisambazwa mkononi kwa mkono bila ruhusa ya serikali. Diwani ilitoka mwaka 1973, ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Historia ya matini hiyo yote ni historia ya kunakili bila idhini ya wakubwa. Haitoki humo kwamba kila mtu ana idhini ya kuinakili diwani nzima na kuiuza kwa bei ya karatasi. Aliyelipia mashairi yake kwa kifungo anastahili, kwa uchache, mrabaha. Fotokopi ya diwani nzima inayouzwa nje ya lango la chuo haifanani na shairi moja lililowekwa rafuni, hata kama mashine iliyozitoa ni ile ile.

Kwa kazi zilizo madukani, njia ya leseni ipo. KOPIKEN, chama cha kukusanya mirabaha ya nakala, kilisajiliwa mwaka 1995 ili vyuo na taasisi zilipe ada ya jumla nacho kiwagawie waandishi na wachapishaji. Mpango wa namna hiyo una manufaa kwa sharti moja: chuo kisilipie kisichodaiwa. Chuo kisichojua kwamba Muyaka hana hakimiliki kitamlipia Muyaka, na fedha hizo hazitamfikia mtu yeyote wa Mombasa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba rafu ya akiba imerithi kazi ya mwandishi wa hati. Inanakili ili matini ifike kwa wasioweza kuipata kwa njia nyingine. Tofauti ni kwamba sasa inafanya hivyo ndani ya sheria iliyotungwa kwa kufikiria kitabu kilichochapwa, chenye mtunzi mmoja na soko moja. Fasihi ya Mombasa haikujengwa hivyo.

Yapo matatu yanayofuata. La kwanza, kila idara ya Kiswahili iandae orodha ya matini za kozi zake ikionyesha, kwa kila kitabu, mtunzi, mhariri na mfasiri, pamoja na mwaka wa kufariki kwa kila mmoja. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria wa fasihi, na mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifanya kwa muhula mmoja. La pili, matini zilizokwisha muda wa ulinzi zihaririwe upya kutoka katika miswada na zitolewe bure kwa wanafunzi, ili asiwepo anayelazimika kunakili utangulizi unaolindwa kwa sababu ya kutaka shairi lisilolindwa. La tatu, mashairi ya malenga walio hai, au waliofariki karibuni, yanakiliwe kwa kiasi ambacho uhakiki unakidai, na kinachozidi hapo kinunuliwe au kilipiwe leseni.

Katika yote hayo lipo sharti moja ambalo sheria ya mwaka 2001 na kaida ya utenzi zinakubaliana nalo, nalo ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi katika fotokopi za kozi: jina. Nakala nyingi hufika mikononi mwa wanafunzi zikiwa zimekatwa juu na chini, bila jina la mtunzi, la mhariri wala la kitabu. Mwalimu Sikujua alihakikisha kwamba mashairi ya Muyaka yanabaki na jina la Muyaka kwa miaka hamsini ya kumbukumbu za watu. Idara yenye mashine ya fotokopi haina udhuru wa kushindwa kufanya hivyo kwa muhula mmoja.